Mfupa ndani ya kuku asiye na mfupa: uchambuzi wa kisa kimoja cha rufaa kutoka Ohio

Majina ya wahusika, mji na mgahawa nimeyaondoa. Majaji nimewataja kwa kuwa waliyoandika ni kumbukumbu ya umma. Kisa chenyewe kiliwachekesha watu wengi Marekani katikati ya 2024, lakini ukishacheka vya kutosha utaona kina somo zito la utaratibu wa kesi za madai.

Usuli

Wamarekani wana chakula wanachokiita mabawa yasiyo na mfupa. Kwanza kabisa, si mabawa. Ni minofu ya kidari cha kuku iliyokatwa vipande vidogo, ikachovywa kwenye unga, ikakaangwa kwa mafuta mengi na kumwagiwa sosi ile ile wanayotumia kwa mabawa halisi. Katika mgahawa wa kisa chetu, mpishi alikuwa akichukua minofu iliyokwisha kutolewa mifupa na ngozi, akiikata vipande vya takriban inchi moja, kisha anakaanga.

Kumbuka mambo mawili. Neno “mabawa” kwenye jina hilo ni la uongo, na kila mtu anajua ni uongo. Maneno “yasiyo na mfupa” ndiyo yaliyopelekwa mahakamani.

Kuna na deni la zamani. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kesi ya mtu aliyeagiza chaza wa kukaanga, akameza kipande cha gamba la chaza chenye ukubwa wa kama sentimita 3 kwa 2. Alishindwa. Mahakama ilisema mtu anayekula chaza anaweza kutegemea kukuta kipande cha gamba na anaweza kujihadhari nacho. Uamuzi huo ulikaa barabarani kama gogo, ukimsubiri mtu wetu kwa zaidi ya nusu karne.

Kilichotokea mezani, na baada ya meza

Mwaka 2016 mwanamume mmoja alikwenda na mkewe na marafiki kwenye mgahawa aliouzoea, kusini magharibi mwa Ohio. Akaagiza chakula chake cha siku zote: mabawa yasiyo na mfupa, sosi ya jibini la parmesan na kitunguu saumu. Alikuwa na tabia ya kukata kila kipande mara mbili au tatu kabla ya kula. Katikati ya chakula akahisi tonge moja limepita pabaya.

Ni jambo la kawaida. Unakunywa maji, unakohoa, mazungumzo yanaendelea.

Siku tatu baadaye alikuwa na homa na chakula hakikai tumboni. Hospitali wakakuta mfupa mwembamba wa kuku, urefu wa karibu sentimita 5, umekwama kwenye umio. Ulikuwa umeuchana, na maambukizi yalikuwa yameingia kifuani. Matatizo ya kiafya yaliendelea muda mrefu baada ya hapo.

Pima kidogo hiyo sentimita 5 kwenye kidole chako cha shahada. Halafu pima inchi moja ya kipande cha minofu. Nitarudi kwenye vipimo hivi.

Mdai aliamua nini, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ni nani ashtakiwe. Hakuishia kwa mgahawa. Aliunganisha pia msambazaji aliyeuletea mgahawa kuku na kampuni iliyozalisha kuku huyo. Kwa mtu aliyeumizwa na chakula, hii ndiyo njia ya kawaida na ni ya busara: hujui mfupa ulisahaulika wapi, kwa hiyo unamleta kila aliyeishika nyama, wenyewe wasukumiane. Ukimwacha mmoja nje, waliobaki watamtupia lawama yeye asiyekuwepo.

Uamuzi wa pili ulikuwa msingi wa dai. Alidai uzembe: waliohusika hawakuchukua tahadhari ya kutosha, na mgahawa haukumwonya kwamba kitu kinachoitwa hakina mfupa kinaweza kuwa nao. Hapa kesi ikabebwa na lile neno moja la kwenye menyu. Silaumu. Ningekuwa wakili wake, nami ningelishika neno hilo kwa mikono miwili. Lakini lilikuja kuponza, kama tutakavyoona.

Wadaiwa nao walikuwa na uamuzi wao: hawakutaka kesi ifike kwa juri, yaani kundi la raia wa kawaida wanaoamua ukweli wa kesi. Waliomba hukumu ya muhtasari, yaani hakimu aamue kwa nyaraka na maelezo ya viapo tu, bila shahidi kusimama kizimbani na bila raia wa kawaida kuulizwa lolote. Kanuni za Ohio zinaruhusu hilo pale ambapo hakuna ubishi juu ya mambo ya msingi na ambapo watu wenye akili timamu, wakiusoma ushahidi kwa jicho la upendeleo kwa yule anayepingwa, wangeweza kufika kwenye jibu moja tu.

Jibu moja tu. Shikilia maneno hayo.

Safari ya mahakama tatu

Mahakama ya kwanza ikakubali ombi la wadaiwa: mlaji angetegemea kwamba kuku anaweza kuwa na mfupa, kwa hiyo hakuna uzembe wa kupelekwa mbele ya juri. Mahakama ya rufaa ya wilaya ya 12 ikaunga mkono. Mdai akapanda tena hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo haipokei kila kitu kinachogongwa mlangoni kwake, huchagua. Hii ikaichagua, na tarehe 25 Julai 2024 ikatoa hukumu. Majaji wanne dhidi ya watatu. Mdai ameshindwa mara ya tatu, miaka minane baada ya lile tonge.

Majaji wanne

Hukumu ya walio wengi iliandikwa na Jaji Joseph Deters. Mantiki yake ina hatua mbili.

Ya kwanza ni ya kisheria. Ziko njia mbili za zamani za kupima madai ya kitu kilichokutwa ndani ya chakula. Moja inauliza kama kitu hicho ni cha asili ya chakula chenyewe au ni kigeni: mfupa ndani ya kuku ni wa asili, msumari ni mgeni. California iliifanya njia hii ijulikane mwaka 1936, kwenye kesi ya mfupa ndani ya pai ya kuku. Nyingine inauliza mlaji wa kawaida angetegemea nini. Ohio, kwa kufuata ile kesi ya chaza, inazichanganya: asili ya kitu inasaidia kujibu swali la mlaji angetegemea nini na angeweza kujihadhari na nini. Kuku wana mifupa, kila mtu anajua. Basi.

Hatua ya pili ndiyo iliyosambaa dunia nzima. Deters alisema “yasiyo na mfupa” ni jina la namna ya kupika, si ahadi. Msomaji wa menyu, kwa maana ya maneno yake, hawezi kudhani mgahawa unamhakikishia hakuna mfupa kama vile asivyodhani kwamba amepewa mabawa kweli. Na anayekula “vidole vya kuku” anajua hakuletewa vidole.

Majaji hao walijibu pia wasiwasi wa wenzao kuhusu chakula kinachouzwa kuwa hakina laktosi (sukari ya maziwa) au gluteni (protini ya ngano). Hicho ni tofauti, walisema: laktosi si kitu ambacho mlaji angetegemea kukikuta kwenye chakula cha namna hiyo, wala si kitu anachoweza kujihadhari nacho.

Majaji watatu

Jaji Michael Donnelly aliandika kwa niaba ya wachache, na hakuficha hasira. Aliuliza kama kuna yeyote anayeamini kweli kwamba wazazi wanaowalisha watoto wadogo vipande vya kuku visivyo na mfupa wanategemea mfupa humo. Wakisoma “bila mfupa” wanaelewa bila mfupa, kama watu wote wenye akili zao.

Lakini uzito wa maoni yake hauko kwenye utani. Uko kwenye lalamiko la utaratibu: kwamba walio wengi wamefanya kazi ya juri. Wameamua jambo la ukweli, yaani watu wa kawaida wanaelewa nini wakisoma neno fulani, ili watu wa kawaida wasipate nafasi ya kulijibu.

Matokeo

Kesi ikaishia hapo. Hakuna fidia. Hakuna shahidi aliyewahi kuhojiwa mbele ya juri.

Majaji wanne walikuwa wa chama cha Republican na watatu wa Democratic, na Ohio majaji wa Mahakama ya Juu huchaguliwa kwa kura, siku hizi chama kikionyeshwa kwenye karatasi ya kura. Novemba ya mwaka ule ule Donnelly alishindwa kiti chake. Deters aligombea dhidi ya mmoja wa wale wengine wawili waliompinga, Jaji Melody Stewart, akashinda. Sisemi kuku ndiye aliyewaangusha.

Uchambuzi: lipi lilisaidia

Machache, lakini yapo. Kuwaunganisha wote kwenye mnyororo kulikuwa sahihi. Ushahidi wa kitabibu ulikuwa imara: mfupa upo, ulipimwa, jeraha linafahamika, hakuna aliyebishana kwamba mtu aliumia. Wengi wanaodai kuumizwa na chakula hukwama hapo hapo, kwa sababu kitu chenyewe walikitema wakakitupa.

Na kupigania kesi hadi juu hakukuwa bure kabisa. Kura tatu kati ya saba zilikwenda upande wake.

Uchambuzi: lipi liliangusha

Watu wengi husimulia kisa hiki kama ugomvi wa maana ya neno. Mimi nadhani hawajagusa mahali penyewe. Swali la kwanza halikuwa “bila mfupa” maana yake nini. Lilikuwa: nani ana mamlaka ya kusema maana yake. Mdai alishindwa swali la pili kwa kuwa alishindwa la kwanza, na la kwanza lilipita haraka mno.

Rudi kwenye kipimo cha hukumu ya muhtasari. Watu wenye akili timamu wanaweza kufika kwenye jibu moja tu. Sasa, majaji saba wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo wameisoma menyu ile ile. Wanne wakasema ni namna ya kupika, watatu wakasema ni ahadi. Ama tuseme hao watatu hawana akili timamu, ama tukubali majibu yalikuwa mawili. Kama yalikuwa mawili, juri ndiyo iliyopaswa kuchagua. Huhitaji hata kuamini kwamba mdai alistahili kushinda. Huenda watu wanane wa juri wangemwambia pole, ungetafuna vizuri. Ingekuwa haki yao.

Mwaka ule ule wa 1960 ambao Ohio iliamua kesi ya chaza, mahakama ya juu ya Wisconsin ilikuwa na kesi ya mfupa wa kuku ndani ya sandwichi ya kuku. Ikakataa kipimo cha asili na ugeni, ikasema swali ni mlaji angetegemea nini, na hilo ni la juri. Mfupa ni ule ule na ndege ni yule yule, ila mlango wa kupitia ni mwingine. Na sandwichi ile haikuwa na neno lolote la “bila mfupa”.

Kosa la pili ni uzito uliopewa neno lenyewe. Neno likiwa ndiyo nguzo pekee, mpinzani anahitaji kuling'oa hilo tu. Na Deters aliling'oa kwa mfano mwepesi sana, ule wa vidole. Mfano huo una kasoro, na kwa Kiswahili unaonekana haraka kuliko kwa Kiingereza. Sisi tuna chai kavu. Hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba chai kavu imemlowesha. Tuna chipsi dume, ambazo ni mihogo, na hakuna anayedai uthibitisho wa udume. Hayo ni majina tu. Yameganda, hakuna anayesikia tena maana ya ndani. Lakini mtu akiagiza chai bila sukari, na ana kisukari, halafu akaletewa yenye sukari, huwezi kumwambia kwamba “bila sukari” ni namna ya kuchemsha. “Bila” hutoa kitu ambacho kingekuwepo na kumwambia mnunuzi hakipo. Deters alichukua neno la kundi la chipsi dume, yaani “mabawa”, akaliazima kulitafsiria neno la kundi la chai bila sukari. Sehemu moja ya jina kuwa ya mzaha haiifanyi nyingine kuwa ya mzaha.

Nilikuwa bucha wiki chache baada ya kuisoma hukumu hii. Mwenye bucha ana bei mbili ukutani, chaki nyeupe: mchanganyiko na steki. Steki ni ghali zaidi. Nikamuuliza, ukinipimia steki nikakuta mfupa, ni nini hicho? Aliendelea kuinoa shoka yake bila kuniangalia. “Hiyo si steki, mzee. Nimekuuzia mchanganyiko kwa bei ya steki.” Kwake neno limo kwenye bei. Wakili wa mdai mwenye shahidi kama huyo, mchinjaji au mpishi anayeeleza kwa nini watu hulipia kutokuwepo kwa mfupa, ana zaidi ya kamusi mkononi.

Kuna na vile vipimo. Kipande cha inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu hivi, na mfupa wa sentimita 5. Mfupa mkubwa hukata pande zote mbili. Anayetetea mgahawa atasema: mkubwa hivyo, mlaji angeuona au angeuhisi, hasa akiwa na tabia ya kukata vipande. Anayemtetea mlaji atauliza: mfupa mrefu mara mbili ya kipande ulipitaje mikononi mwa mtu aliyeikata minofu hiyo kwa kisu, kipande baada ya kipande? Ama vipande havikuwa vya inchi moja, ama kisu kilipita kandokando ya mfupa na mkataji hakuangalia. Yote mawili ni maswali ya uzembe kwa maana ya kawaida kabisa ya neno, na hayahitaji menyu. Mimi ningeanzia hapo, jikoni kwenye ubao wa kukatia, kisha ndiyo nije kwenye neno kama shahidi wa pili.

Kosa la tatu si la mdai. Ni namna walio wengi walivyojibu suala la laktosi. Wanasema hiyo ni tofauti kwa kuwa mlaji hawezi kujihadhari nayo. Lakini laktosi ni ya asili ya maziwa kama mfupa ulivyo wa asili ya kuku. Kinachofanya mtu asiitegemee ni lile neno la kwamba haimo. Ukikubali neno linabadilisha matarajio pale, unahitaji sababu ya kulinyima nguvu hiyo hapa, na “mlaji angeweza kuuhisi mfupa” ni sababu dhaifu mbele ya mtu aliyekatakata chakula chake na bado akaumizwa.

Niwatendee haki wale wanne kidogo. Hofu iliyo nyuma ya hukumu yao si ya kipuuzi. Kama kila mfupa kwenye kila sahani ni kesi kamili ya juri, mgahawa mdogo unamalizwa na gharama za utetezi kabla hata ya kushinda. Hukumu ya muhtasari ipo kwa ajili hiyo. Na kesi ya chaza ilikuwa bado ni sheria ya Ohio; hawakuitunga. Ila walikuwa na njia nyembamba ya kupita: kusema chaza aliyeuzwa bila ahadi yoyote ni jambo moja, kuku aliyeuzwa kwa maneno “bila mfupa” ni jingine, juri iamue. Hawakuipita.

Kwa wanaofanya kazi hii huku kwetu

Tanzania hatuna juri kwenye kesi za madai. Jaji au hakimu ndiye anayepima ukweli na sheria pamoja, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kisa hiki hakimhusu. Kinamhusu kwenye hatua ya mwanzo, pale mdaiwa anapoleta pingamizi la awali au hoja ya kuimaliza kesi kabla mashahidi hawajasikilizwa. Swali ni lile lile: hili ni la sheria tupu, au linahitaji ushahidi? Matarajio ya mnunuzi wa kawaida ni jambo la ushahidi. Ukikubali lijadiliwe kama tafsiri ya neno peke yake, umeshampa mwenzako nusu ya kesi.

Wanafunzi wetu wa sheria wote wamelishwa kisa cha konokono ndani ya chupa ya kinywaji cha tangawizi kule Paisley, Scotland, kilichoamuliwa mwaka 1932 na mabwana wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Watu husahau kwamba mabwana wale hawakuamua kama konokono alikuwemo. Waliulizwa tu: tukichukulia alikuwemo, kuna kesi ya kusikiliza? Wakasema ipo, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Mwanamke yule alifunguliwa mlango. Mtu wa Ohio, mwenye mfupa uliopimwa na daktari, aliukuta umefungwa.